Sarafu Isiyong'aa

Sogeeni, wanangu, Abuu na Nasrin, mkae huku upande wa kulia ambako mdomo wangu bado unafunguka, maana tangu ulimi uliponirudia juzi naishi nikiuogopa, sijui utaniacha saa ngapi tena. Nisikilizeni, asinikatize mtu. Adila naye, mkeo Abuu, aingie. Najua yuko ukumbini na furushi lake la nguo, anangoja gari la kwenda kwao Lugoba. Kama anaona haya, basi akae hapo kizingitini, sauti itamfikia.

Nyumba hii msiiuze. Baba yenu aliniachia mkiwa wadogo, nami nikaitunza kwa kazi mnayoijua, ya kuingia nyua za wanawake hapa Bagamoyo na kule Pangani, mahali ambapo mnunuzi mwanamume hapiti, nikanunua fedha zao za zamani, bangili na mitali ya miguuni, na sarafu za Waingereza ambazo bibi zao walizifunga kwenye pindo za kanga. Bangili zangu achukue Nasrin. Dija wa nyumba ya pili, aliyeacha kunisalimia akisema nilikwenda kwenye matanga ya mama yake kutazama mitali badala ya kulia, mwambieni sina kinyongo naye, na akipenda aje akae nami hapa hata kidogo.

Sasa ile sarafu. Nasrin, wewe ulikuwa kwa mumeo, mengi hukuyaona. Ni ile kubwa ya fedha ya mwaka 1902, mwaka aliotawazwa mfalme Edwadi, kichwa chake upande mmoja na mpanda farasi anayeua joka upande wa pili. Za aina hiyo zilizotumika madukani zipo nyingi, na ukiipeleka iliyo mpya bado dirishani ukaigeuza, mwanga huzunguka juu yake kama tairi ya baiskeli. Yangu haikuwa hivyo. Yangu ilipigwa kwa ajili ya kutunzwa, wafanyabiashara wanaziita prufu, na prufu za mwaka ule walizifanya makusudi zising'ae, uso wake umefifia kama umepakwa unga wa muhogo, lakini ndevu za mfalme unaziona unywele kwa unywele, na ukingo ni mkali kama mkebe uliofunguliwa sasa hivi. Sonara aliyenifundisha alikuwa akisema ile hali ya kufifia ndiyo mali yenyewe. Ikiguswa imekwisha. Nikaiweka miaka yote kwenye pamba, nikitazamia kwamba siku moja itausimamisha ukuta wa nyuma, huo ulioinama.

Abuu akapata mnunuzi, Alawi wa Dar es Salaam, wakaonyeshana picha kwenye simu, ikakubaliwa aje Ijumaa. Alhamisi Abuu alimwambia mkewe aitoe sandukuni iwe karibu, kisha akaenda zake.

Mimi nilikuwa nimelala hapa hapa, ulimi umekufa, mkono mmoja ndio unaocheza. Adila alikaa mkekani mbele yangu, akaifungua ile pamba, akaitazama sarafu, akasikitika. Nilimwona akisikitika. Akatoka, akarudi na kibakuli cha ndimu na majivu. Wanangu, nilijua palepale. Nilipiga kitanda kwa mkono. Akainuka haraka, akasema, "Pole, mama, kumbe una kiu," akaninywesha maji kwa kijiko. Nikayatema. Akanifuta kidevu kwa upole, akarudi kusugua huku akiimba kidogo kidogo, kama tulivyoimba sisi tulipokuwa tukisafisha bangili za harusi yake. Maana ni sisi tuliomfundisha. Alipoingia nyumba hii tulimwambia fedha ya humu haikai na doa mbele ya mgeni.

Alipomaliza aliniletea usoni. "Tazama, mama, imekuwa mpya." Ikawaka kama sufuria. Machozi yakanitoka, naye akadhani nimefurahi, akaubusu mkono wangu.

Alawi alipokuja akaitazama kwa kioo chake cha kukuzia mara moja tu, akauliza nani ameisugua, akaomba ruhusa aondoke. Hata chai hakumaliza. Na Abuu, mwanangu, maneno uliyomwambia mkeo baada ya hapo niliyasikia yote. Ulimwambia arudi kwao akasugue masufuria. Nilitaka kukujibu, nikatoa mlio tu, nawe ukafunga dirisha ukidhani nasikia baridi.

Hakuna dawa ya sarafu ile. Msiipake kitu, msimpelekee fundi. Ukuta nao utaanguka mvua zikija, nami sina la kuuzuia. Siku ile sikuweza kuushika mkono wa Adila, na leo, Abuu, siwezi kuushika wako. Wewe ni mwanamume, mke ni wako. Ninalo jambo moja tu lililobaki mikononi mwangu, nalo ni hili: nikifa, Adila ndiye anioshe, Nasrin amsaidie kumimina maji. Mkono wake ni mwepesi, nimeujua tangu nilale hapa. Kwa hiyo leo hawezi kwenda Lugoba. Baada ya kaburi utafanya utakavyo, mimi sitakuwa na kauli.

Sarafu mpeni yeye. Na kile kioo changu cha kutazamia pia, afundishwe.

Radhi zangu mnazo, nyote watatu. Nimesema watatu. Mola awape watoto watakaowageuzia mito kama mlivyonigeuzia mimi, awape na ulimi wa kuwaambia mapema.

Nimechoka. Abuu, nenda ukalichukue lile furushi ulirudishe chumbani kwenu. Shingo yangu haigeuki, siwezi kukuona, lakini mlango wa chumba chenu unalia ukifunguliwa, nitausikia. Nenda, baba.

Nasikiliza.

Nasrin... kaka yako amekwenda, au bado amesimama? Niambie. Labda ni masikio nayo yameanza... Ule mlango, mwanangu. Bado sijausikia.