Mama Miche na Trei Namba Saba

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kumwagilia, kupalilia na kutugombeza, mhudumu wa banda la miche katika kituo chetu cha utafiti anastaafu. Jina lake kamili liko kwenye vyeti; sisi sote tunamwita Mama Miche.

Alianza kazi akiwa mfagiaji. Mwaka wa tatu akakabidhiwa ufunguo wa banda, na tangu hapo hakuna aliyeingia na viatu vyenye tope. Mkurugenzi mwenyewe alirudishwa mlangoni mara mbili kwa siku moja. Alinung'unika, kisha akaingia peku.

Sasa niseme linaloniuma, mimi mtafiti niliyefanya naye kazi. Miaka kumi na minne iliyopita, miche kadhaa ya trei namba saba ilidumaa, majani yakawa njano, nami nikadhani haikumwagiliwa. Mama Miche alinieleza kwamba yote ilinyweshwa kwa kopo moja, na katika kila minne uliodumaa ni mmoja tu; kiu haichagui hivyo. Sikumsikiliza. Nilimwandikia barua ya onyo kwa uzembe, nikaamuru trei itupwe.

Hakuitupa. Aliificha nyuma ya mifuko ya mbolea, akavuna mbegu za ile iliyodumaa, akazipanda. Miche yote ikadumaa. Tena viwavi waliishambulia hiyo tu, ya jirani hawakuigusa. Alitafuna jani, akaja kuniambia kuwa halina uchungu. Maabara ikathibitisha: jeni moja lililobadilika lilikatiza hatua moja katika safari ya mmea kutengeneza kemikali zake. Ndiyo maana mche haukui, wala hauna uchungu wa kujikinga na wadudu.

Ugunduzi huo ulinipandisha cheo. Yeye nilimshukuru kwa mdomo, tena kwenye korido.

Juzi nilifungua faili lake kutafuta tarehe za wasifu huu. Barua ya onyo ni moja tu, na sahihi ni yangu. Nilikuwa nimeisahau. Nilipomwendea, alisema yeye hakuisahau hata siku moja, kisha akaniuliza kama nimevua viatu. Niliona aibu, nikakosa pa kuuficha uso.

Ofisi ya utumishi inasema barua haiondolewi kwenye faili. Huambatishwa nyingine tu. Basi ukurasa huu uambatishwe: Mama Miche hakuwa mzembe. Mzembe nilikuwa mimi.

Asante, Mama, na unisamehe. Sote tunakuombea afya njema na siku ndefu. Viatu tutaendelea kuvua.