Asiyetaka na Asiyeweza: Maisha ya Raewyn Geddes

Marehemu Raewyn Isobel Geddes alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Kelso, mtoto wa pili wa Bwana na Bibi Hector Rennie, enzi hizo mafuriko ya mto Pomahaka hayajawahamisha watu. Alisoma shule ya msingi papo hapo Kelso, kisha sekondari ya Tapanui, ambako alisifika kwa hesabu na kwa kutojua kukaa kimya.

Mwaka 1968 aliingia kazi ya kuchambua sufu kwenye mabanda ya wanyoaji kondoo. Mikono yake ilikuwa myepesi. Wanyoaji watatu walitoa sufu, yeye peke yake akawatosha. Huko ndiko Alister Geddes wa Heriot alikomwona, akawa anapitapita bandani hata baada ya kondoo wake kwisha kunyolewa. Walifunga ndoa katika kanisa la Tapanui tarehe 5 Oktoba 1974, wakajaliwa Shona na Callum.

Julai 1984 alishikwa na mafua. Mafua yakaisha, uchovu ukabaki. Wenyeji waliuita homa ya Tapanui. Akifua shuka mbili leo, kesho na keshokutwa ni kitandani. Daktari mmoja alimwambia ni mawazo tu. Juu ya hayo, kila ilipofika saa nne asubuhi alitetemeka, jasho la baridi likamtoka, maneno yakampotea. Dawa ya nyumbani ilikuwa chai ya vijiko vinne vya sukari, nayo ilimwinua kidogo, kisha ikamwangusha chini zaidi. Yeye aliona yote ni ugonjwa uleule, akalala.

Wachache walijua kwamba alikuwa hali chakula. Mama mkwe wake, Bibi Jessie, hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kusema mezani kwamba andiko limekataza, asiyefanya kazi na asile. Raewyn aliyaweka maneno hayo moyoni. Siku asiyoweza kazi, alijinyima mpaka jioni.

Februari 1991 wanyoaji walikuja shambani na mpishi wao, Mereana Tipa. Saa ya chai Raewyn aliwapelekea vikombe, akaegemea mlango, uso umempauka. Mereana akamsogezea sahani.

"Sijafanya kazi tangu juzi," Raewyn akasema. "Nitakulaje?"

"Mbwa wa mumeo kalala chini ya gari tangu alfajiri, na sasa yuko kwenye mfupa wa pili. Kaa ule, dada."

Raewyn akamtajia lile andiko la mama mkwe. Mereana, ambaye ni binti wa mchungaji wa kanisa, akafuta mikono kwenye aproni.

"Mama mkwe wako kalikatiza andiko hilo. Imeandikwa asiyetaka kufanya kazi. Asiyeweza hakutajwa."

Raewyn akakaa. Alikula yai la kuchemsha na mkate wenye jibini, machozi yakimtoka, wanyoaji wakijifanya wanakagua mashine zao. Nusu saa baadaye mikono ilitulia.

Juma lile nesi alimpima damu ya kidole kabla hajala, akakuta sukari imeshuka kweli. Akamwambia chai tamu ni ya kumwinua tu, lazima ifuatwe na chakula, na heri asingoje kuanguka. Tangu hapo alikula kidogo kila baada ya saa mbili, kazi iwepo isiwepo. Uchovu haukumwacha, lakini sasa alijua lipi la kulala na lipi la kula, na hilo lilimrudishia nusu ya maisha. Bibi Jessie mwenyewe, hadi alipofariki, ndiye aliyemchemshia mayai. Hakuomba msamaha, alisema tu, "Haya mwanangu, saa imefika."

Moyo wa marehemu ulianza kudhoofika mwaka 2021. Alifariki nyumbani Heriot, Jumatano tarehe 9 Agosti 2023, saa saba mchana, baada ya kumaliza supu yake na kumwambia Alister kwamba haikukolea chumvi. Hakuteseka, na kwa hilo familia inashukuru kuliko inavyolia.

Ameacha mume, Alister, watoto wawili, Shona na Callum, wajukuu watano, kaka yake, Ewan, na rafiki yake, Mereana.

Apumzike kwa amani, wala asimtake mtu radhi kwa kupumzika.