Mama Makopo, Dada Yetu Aliyeunganisha Ng'ambo Mbili za Bonde

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, akiwa kifungua mimba wa baba fundi redio na mama mshonaji. Akiwa darasa la tatu aliifungua redio ya nyumbani, akaitandaza yote mkekani. Baba aliporudi hakumgombeza. Alisema tu, "Taarifa ya habari isikukute hujairudisha." Redio iliongea kwa wakati, ingawa skrubu moja ilibaki na mpaka leo hatujui ilikuwa ya wapi.

Baada ya sekondari ya wasichana alisomea ufundi wa simu, na mwaka 1983 akaajiriwa na kampuni ya simu. Alipanda nguzo kwa suruali ya kaki, majirani wakasema weee mpaka wakachoka.

Simu za waya zilipokufa, mwaka 2003, alipunguzwa kazini. Hakukaa kulia. Alijifunza upya: alinunua ruta kuukuu, vile visanduku vya kugawa intaneti, akaharibu nyingi, na kugundua kwamba kopo la maziwa lililokatwa kwa kipimo sahihi laweza kuwa antena ya kurusha mtandao mbali. Hapo ndipo alipoanza kumsumbua fundi bati wa sokoni, mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto wawili.

"Mama, kopo hili litapika nini?" fundi alimwuliza.

"Halipiki. Linasikia."

Fundi huyo, ambaye leo ni shemeji yetu, anakiri alidhani amepata mteja asiye mzima. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2006.

Pamoja, kwa makopo hayo, waliiunganisha zahanati ya ng'ambo ya bonde na hospitali ya mjini, na watu wakaanza kumwita Mama Makopo. Masika ya kwanza mtandao ulikatika, muuguzi akiwa peke yake na mama aliyeshindwa kujifungua. Dada alipanda juu ya paa la zahanati mvua ikinyesha, akakuta kopo limejaa maji. Alilimwaga, akalikausha kwa khanga yake, akaliziba mdomo kwa kifuniko cha plastiki. Daktari alisikika, akamwelekeza muuguzi hatua kwa hatua. Mtoto alipolia, dada naye alilia huko huko juu.

Mwaka 2019 mikono yake ilianza kutetemeka. Shemeji akawa ndiye mikono, yeye alikaa kitini akielekeza: "Taratibu, baba, hilo ni kopo, si paa la mtu." Wakacheka, kazi ikaenda. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Juni 2023, mumewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, watoto wawili aliowakuta wadogo na kuwalea kama wa tumbo lake, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake. Shemeji ameniomba niseme hili, maana yeye hawezi: miaka yote ile, kila dada alipopanda, yeye ndiye aliyeshika ngazi, na hakuwahi kuiachia.

Dada yetu na apumzike kwa amani.