Mpiga Picha Aliyeona Paa Tu

Mheshimiwa Mkurugenzi, kabla sijawasalimu watu kwa vyeo vyao, pokeeni habari mpya kwanza, maana ndivyo nilivyozoea kazini. Asubuhi hii, katika kikao cha habari, mpiga picha wetu mkuu, huyu tunayemwita Chuma, ametamka kwa kinywa chake kwamba tangu lile ghala la magodoro liungue, yako matukio anayokwenda, anapiga picha, anarudi ofisini, na hakumbuki kuwa alikuwepo. Ameniruhusu niyaseme haya hapa. Nilimuuliza mara ya pili ili niwe na hakika, akanijibu, "Sema, bwana. Ila usitie chumvi."

Sasa nasalimu. Mheshimiwa Mkurugenzi; Mhariri Mkuu; wakuu wa idara; Shangazi yetu, mshauri wa afya ya akili, ambaye leo tumekusanyika kumuaga; ndugu wageni waalikwa; wafanyakazi wenzangu, pamoja nanyi mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha: habari za mchana.

Nilikuwa na hotuba nyingine. Ilikuwa na shukrani nyingi na methali mbili tatu. Nimeiacha mezani, kwa sababu tangu asubuhi nimeduwaa. Ninyi mnaonifahamu mnajua kwamba nimeripoti ajali na kesi za mauaji nikarudi kula chakula changu vizuri. Leo chai yangu imepoa mbele yangu na sikuiona.

Wageni wetu, nawaeleza kwa ufupi. Ghala lile lilipoungua, kituo hiki kilimtuma Chuma pamoja na mtangazaji wetu, Dada Saa Moja, tuliyempa jina hilo kwa kuwa ndiye msomaji wa habari za saa moja. Walikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni paa lilipoporomoka. Watu waliokuwa chini ya paa hilo hawakutoka. Hawa wawili walirudi, wakanawa masizi, wakaandaa habari, ikarushwa. Tuliwapongeza. Kesho yake tukawapangia kazi nyingine.

Wiki chache baadaye, Dada Saa Moja akiwa hewani, alinyamaza katikati ya sentensi. Macho yako kwenye karatasi, mgongo umenyooka, midomo iko wazi, na mwenyewe hayupo. Mhariri akampigia kelele kwenye vipokea sauti vya masikioni, "Soma, dada! Soma!" Fundi mitambo akaweka muziki. Na sisi huku nje, watu tunaojisifu kwamba hatuandiki neno bila kulithibitisha, tukatoa hukumu bila ushahidi. Mmoja alisema amepandisha mashetani. Mwingine alisema kalewa. Wa tatu akasema, "Maringo tu hayo, anataka likizo."

Mhariri Mkuu, unajua ninavyokuheshimu, na naona umenikubalia kwa kutikisa kichwa niliseme na hili, au labda unafukuza nzi. Ulimwita ofisini kwako, ukafunga mlango apate utulivu, ukamuuliza kwa upole wa mzazi: "Haya, dada, tuanze mwanzo. Moto ulianzia wapi?" Ni swali zuri. Yeyote kati yetu angeuliza hilo hilo, maana hatujui namna nyingine ya kumsaidia mtu zaidi ya kumhoji. Lakini swali hilo lilimbeba likamrudisha ghalani. Mume wake alipokuja kumchukua, Dada alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Ndipo alipokuja Shangazi. Siku ya kwanza alitukuta tumemzunguka Dada Saa Moja kama watu waliokuja kushuhudia ajali. Akatuambia maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo: "Akili ikizidiwa na mambo, hujiondoa ili mwenyewe apone. Si wazimu, si maringo. Shida ni kwamba ikishaijua njia hiyo, inaondoka hata pasipo na moto. Kwa hiyo acheni kumuuliza ya kule. Muulizeni ya hapa."

Mafunzo yake mnayajua, ndiyo maana mkambatiza Shangazi Miguu. Miguu chini, ikandamize sakafu uisikie. Macho wazi, usiyafumbe. Shika kitu cha baridi. Taja siku ya leo kwa sauti. Taja unachokiona, unachokisikia, unachokigusa. Na wewe uliye pembeni, usimshike mtu kabla hajakuruhusu. Alitufundisha pia kuvuta pumzi ndefu, lakini Dada Saa Moja akamwambia, "Shangazi, nikivuta pumzi ndefu nasikia moshi." Wapo wataalamu ambao wangeng'ang'ania. Yeye alisema tu, "Basi hiyo tuitupe. Nitafutie ya kwako."

Dada Saa Moja akaipata ya kwake. Siku moja tulimkuta mapokezi, amekaa wima, anazungumza peke yake kwa sauti ile ile ya hewani: "Hii ni taarifa ya habari kutoka meza ya mapokezi. Meza ni ya kahawia, imechubuka ukingo. Juu yake kuna glasi ya maji, na maji ni ya baridi. Miguu ya mtangazaji imekanyaga sakafu. Leo ni Jumatano. Hakuna moto ulioripotiwa katika chumba hiki."

Tulicheka, na yeye akacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Chuma. Akasimama kwenye korido na kuuliza, "Na hali ya hewa je, dada?" Tangu hapo, kila Dada Saa Moja akianza taarifa yake, Chuma lazima aulize hali ya hewa. Shangazi alimwalika mara kadhaa akakae naye chumbani, akakataa. Alisema, "Mimi nilikuwa nyuma ya kamera. Yaliyotokea yalitokea mbele ya kamera." Tukaona ana hoja. Methali inasema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Yeye alivaa kofia.

Sasa nirudi asubuhi ya leo. Jana Chuma alitumwa kwenye ufunguzi wa maktaba ya shule. Kikaoni, mhariri wa picha akaweka kanda tuitazame. Tuliona paa. Si mgeni rasmi, si wanafunzi, si utepe uliokatwa. Paa, boriti na misumari, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na ilikuwa picha safi, mwanga sawasawa, haikutikisika hata kidogo. Mtu mmoja akatania, "Chuma, umeanza kuuza mabati?"

Chuma hakucheka. Aliweka mikono mezani akasema, "Mimi sikuwepo pale. Mkono ndio uliokuwepo."

Kabla hatujalimeza hilo, mhariri wa picha, mama ambaye tumemzoea kwa sauti yake kubwa, akasema kwa sauti ndogo: "Kila kanda yake huanza na paa. Mahakamani, hospitalini, uwanjani kwenye jukwaa. Nilidhani ni madoido yake. Nimekuwa nikikata."

Ndugu zangu, tumekuwa tukikata. Nawaomba mlitafakari hilo. Mwenzetu alikuwa akituonyesha kila siku mahali alipokwama, kwa picha nzuri zilizotulia, na sisi tukakata kipande hicho, tukakitupa, tukarusha kilichobaki. Nani hapa angemshuku mtu ambaye picha yake haitikisiki? Ni mara ngapi tumepima uzima wa mtu kwa ubora wa kazi aliyoleta?

Mhariri Mkuu alifungua kinywa, "Tangu lini u…", akakifunga mwenyewe. Mheshimiwa, kwa kukifunga kinywa kile, nakuvulia kofia. Dada Saa Moja alikuwa ameshainuka. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Chuma bila kumgusa.

"Kaka, taarifa."

"Taarifa ya nini?"

"Ya hapa. Unaona nini?"

Akainua macho juu. "Paa."

"Paa tumelipata. Shuka chini kidogo."

"Feni."

"Inafanya nini?"

"Haifanyi kitu. Imekufa. Fundi wenu mzembe."

"Miguu iko wapi?"

"Kwenye viatu, iwe wapi?"

"Na viatu?"

Akaviangalia. Niliona akivikandamiza sakafuni, kimoja kisha kingine. "Sakafuni," akasema. "Sakafu ina vumbi. Wewe umevaa kitambaa cha kijani. Leo Ijumaa." Kisha akafuta uso kwa kiganja na kusema, "Mbona huniulizi hali ya hewa?"

Hapo ndipo kikao kizima kilipopumua.

Shangazi, Dada Saa Moja amemrudisha Chuma, na wewe hukuwemo chumbani. Hiyo ndiyo zawadi yako, na hatuna kubwa kuliko hiyo. Umenikataza nisiseme Chuma amepona, nami sisemi. Umenieleza kwamba mbinu hizi humleta mtu mlangoni tu. Kuingia na kuyashughulikia yale ya ghalani ni kazi nyingine, ndefu, ya kufanywa na mtaalamu, na haifanywi katika kikao cha habari.

Ndiyo maana, Mheshimiwa Mkurugenzi, kabla sijapanda hapa nilikufuata na swali. Mkataba wa Shangazi unamalizika leo. Tunamuaga siku ile ile ambayo Chuma amefungua kinywa kwa mara ya kwanza. Nilikuuliza kama hiyo ni sawa. Ukaitazama keki, kisha ukanijibu, nami nanukuu: "Sherehe iendelee, ila yeye asiende." Shangazi, nimeshakuuliza na wewe ukasema ndiyo, kwa hiyo habari hii ina vyanzo viwili.

Kuna jambo moja lililobaki, nalo ni la Chuma. Alichoogopa muda wote huu ni kwamba akisema, atanyang'anywa kamera. Aliniambia pale ngazini, "Wakiichukua, nitabaki na nini?" Uamuzi uliofikiwa mchana huu na Mhariri Mkuu, kwa ushauri wa Shangazi, ni kwamba kamera inabaki kwake. Gari hataliendesha mwenyewe, ataendeshewa. Na kila aendapo kazini atakuwa na mwenzake wa kumuuliza ya hapa, si ya kule.

Ameketi safu ya pili. Naomba msigeuke. Haya, mmeshageuka. Nami kwa kuwa ninawatazama nyote kutoka hapa juu, nimeona kwamba katika dakika hizi za mwisho macho yake yamepanda kwenye dari ya ukumbi. Kaka, samahani, hewani hatuachi kimya. Taarifa?

Wa nyuma hamkusikia, nawarudishia. Amesema: "Niko kwenye kiti kibovu, mbele yangu kuna keki haijakatwa, na kuna mtu anaongea sana."

Taarifa imethibitishwa. Basi mtu huyo anawashukuru kwa masikio yenu na anashuka. Kikao cha kwanza cha Chuma na Shangazi ni Jumatatu, saa tatu asubuhi, katika chumba cha zamani cha kanda. Amesema ataingia na kamera yake, ikiwa imezimwa.