Mzee Osward Sikombe, Mpimaji wa Hali ya Hewa, Akabidhi Kitabu

Tarehe 30 Juni 1999, Mzee Osward Sikombe atatimiza miaka thelathini na miwili ya kazi katika Shamba la Mbegu hapa Ilembo, na siku hiyohiyo atastaafu. Aliajiriwa mwaka 1967 kama kibarua wa palizi. Mpimaji wa hali ya hewa alipohama, uongozi ulitafuta mtu asiyechelewa kazini. Akapatikana mmoja tu. Alikabidhiwa kipimamvua, vipimajoto viwili na kitabu cha jalada jeusi.

Tangu hapo amesoma vipimo mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, Krismasi na Iddi zikiwemo. Likizo zake zote alizimalizia hapahapa shambani. Siku ya harusi yake, mwaka 1971, alisoma vipimo vya alasiri akiwa ndani ya suti, bibi harusi akimsubiri kwenye lori. Yeye husema alitumia dakika tano. Mkewe, Mama Josephina, ana hesabu yake nyingine, na haijapungua hadi leo.

Sisi wa ofisini na ghalani tulimtania sana kwa kitabu hicho. Lakini habari ya mwaka jana ilitufunga midomo, na ndiyo inayostahili kuandikwa.

Mwishoni mwa mwaka 1997 mgeni mmoja mtaalamu wa kilimo alituachia zawadi: mashine ya hali ya hewa isiyotumia waya. Kipande kimoja hukaa nje kupima joto. Kingine, chenye kioo cha tarakimu, hukaa ndani na kupokea mawimbi. Kwa kuwa Mzee Osward anaishi kando ya uwanja wa vipimo, mashine iliwekwa sebuleni kwake. Meneja wetu, Bwana Yotham Lusambo, aliipenda mara moja. Alitangaza kwamba kuanzia Julai mosi 1998 vipimajoto vya zamani vitaondolewa na kitabu kitafungwa.

Kasoro ilikuwa moja: mashine haikupokea kitu. Kioo kilionyesha vistari tu. Mtu mwingine angeiacha hivyo akaokoa kitabu chake. Mzee Osward aliambiwa aifanye ifanye kazi, naye akaifanya.

Aliihamisha sehemu kumi na moja na kuandika matokeo ya kila sehemu. Aligundua kuwa Mama Josephina alikuwa ameiweka, kwa heshima zote, juu ya sanduku la bati pembeni ya redio, na kwamba bati na redio vyote viliisumbua. Akaiweka kwenye rafu ya mbao dirishani, ikitazama uwanja. Akabandua wavu wa chuma wa dirisha, na mbu wakamshukuru. Akabadilisha betri. Mawimbi yakaanza kuja, ila kwa kukatika. Ikabaki kukiinua kipande cha nje.

Kazi hiyo aliifanya mlinzi wetu, Anselmo Kalunde, Mkonongo na mrina asali tangu utotoni. Alikichongea kipande hicho kasha la mbao lenye matundu ya hewa, akaziba viungo kwa nta ili maji yasipenye, akalipandisha kwenye mti na kulifunga kwa kamba ya gome. Siku ile mawimbi yalikuja bila kukatika. Tulipiga makofi. Hakuna aliyefikiria kwamba kasha la mbao, lenye nta, lililoning'inizwa juu ya mti, hapa kwetu lina jina lake.

Nyuki walilifikiria. Mwezi Juni waliingia.

Basi asubuhi ya tarehe 9 Juni 1998 kipimajoto cha zamani kilisoma nyuzi kumi na moja, na mashine ikasoma thelathini na tano. Kesho yake, thelathini na tano tena. Mchana na alfajiri, ileile. Meneja alifurahia mashine isiyoyumba, akasema kipimajoto kimezeeka pamoja na mwenyewe. Alisema hayo akiwa amevaa sweta mbili.

Jambo halikuwa la mzaha. Mbegu za mahindi za wakulima wa kule Mamba zilikuwa bado zinakaushwa. Kwa joto la mashine, zilitakiwa kufungwa magunia wiki ileile. Kwa baridi ya kweli, zingefungwa zikiwa na unyevu na kuoza ghalani, na watu wangepanda uozo. Meneja aliagiza tarakimu ya mashine iandikwe kitabuni ili ufungaji uanze. Mzee Osward alikataa kuiandika. Alipewa barua ya onyo, na akaelezwa kwa mdomo kwamba kustaafu kunaweza kuja mapema. Alitia saini kuipokea, akaenda kumwita Anselmo.

Anselmo alipanda mti taratibu na kushuka kwa kasi.

Meneja alijionea mwenyewe, kwa mbali, na magunia hayakufungwa. Anselmo alitueleza kuwa ndani ya mzinga huwa joto siku zote, hata kipupwe. Kasha jipya lisilo na nta liliwekwa juu ya nguzo, na tangu hapo mashine na kipimajoto hupishana nyuzi moja tu. Mzee Osward aliandika kitabuni kwa wino: kosa ni la mpimaji, hakukagua kasha kwa miezi miwili. Hakumtaja Anselmo wala Meneja. Kitabu hakikufungwa.

Wiki iliyopita Meneja alitaka kuiondoa barua ile kwenye faili, mzee aondoke akiwa safi. Mzee alikataa. Alisema kilichoandikwa hakifutwi, ila kinaweza kuongezewa. Barua ipo, na chini yake, kwa mwandiko wa Meneja mwenyewe, pameongezwa: joto halisi la asubuhi ya tarehe 9 Juni, nyuzi 11. Meneja ameisoma habari hii kabla ya kuchapwa, akaruhusu ibaki.

Kuanzia Julai mosi vipimo nitasoma mimi, Gaudensia wa ghala. Mzee Osward, wewe na Mama Josephina mnarudi kwenu Karema. Tunawashukuru, na tutawakumbuka kwa upendo. Mungu awape afya na siku nyingi. Na saa kumi na mbili asubuhi, baba, sasa lala.