Nani Apeleke Ng'ombe

Katika mchomoko, teksi ndogo ya abiria, kutoka Kahama kwenda Masumbwe, Mwamvua alijifanya amesinzia kwenye kiti cha mbele ili umbea wa nyuma usimpite. Kijana aitwaye Taufiq alikuwa akimtambia Mama Pinky, muuza vitenge, kwamba amepata udereva mgodini. "Bosi kaniajiri kwa simu, kapenda sauti yangu tu! Tukifika namtumia hela ya vipimo na sare."

"Hajakuona hata ukishika usukani?"

"Ana haraka, Mama. Nafasi zinaisha."

"Mwanangu, huku kwetu anayetaka mke ndiye anayepeleka ng'ombe. Umeona wapi bibi harusi anaswaga ng'ombe kwenda kwa bwana harusi?"

Mwamvua akacheka, usingizi wake wote ukaumbuka. Taufiq akanuna. "Mama, siku hizi mambo yamebadilika."

"Ng'ombe hawajabadilika."

Gari liliposimama Masumbwe, mbele kabisa ya kibanda cha wakala wa kutuma pesa, simu ya Taufiq ikaita. Akakitazama kibanda, akamtazama Mama Pinky, kisha akapokea.

"Shikamoo, bosi. Samahani, ng'ombe unaleta lini?"