Valerian Valentini, Aliyekuwa Likwata (1958–2023)

Kwenye jalada la ratiba hii mmeona jina Valerian Valentini, na wengi wenu mliotoka Mitole na Kikole mmekuwa mkiulizana tangu asubuhi huyo ni nani. Ni yeye. Ni Likwata wenu wa mashine ya ufuta. Mimi ni Debora, mpwa wake, mtoto wa dada yake marehemu Fortunata, na ndugu wamenipa kazi ya kueleza maisha yake. Wapo walioniomba nisome tarehe tu kisha nikae. Tarehe nitazisoma, lakini hazitoshi kueleza kwa nini mtu aliyeitwa jina moja kwa miaka ishirini na tatu anazikwa kwa jina lingine.

Marehemu alizaliwa hapa Rondo tarehe 12 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa mzee Valentini, mkulima, na Bibi Brigita, ambaye tunaye hapa mbele. Alibatizwa mwezi uliofuata na kupewa jina Valerian. Kama ilivyo kwetu Wamwera, aliyemwonya, aliyempeleka shule na baadaye kumsimamia posa hakuwa baba yake bali mjomba wake, kaka mkubwa wa Bibi Brigita. Mjomba huyo aliitwa Likwata. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alilirithi kwa mjomba wake, na huyo kwa wake, hadi huko nyuma ambako hata wazee hawafiki tena.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Rondo kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Kuandika kulimchosha, ila mikono yake haikutulia. Bibi anasimulia kwamba siku moja ibada ikiendelea, marehemu alifungua baiskeli ya katekista vipande vipande akaifunga tena kabla ya baraka, isipokuwa kengele ilibaki mfukoni mwake. Katekista alipanda, akaenda nayo hadi nyumbani, na hakujua lolote mpaka alipotaka kumpigia mbuzi kengele. Baada ya kisa hicho walimpeleka karakana ya misheni, ambako alijifunza ufundi wa injini kati ya mwaka 1974 na 1976.

Tarehe 24 Novemba 1984 alifunga ndoa na Natalia katika kanisa mnaloliona pale chini. Walijaliwa watoto watatu, mmoja akatangulia akiwa mdogo. Mama Natalia huwa anasema alimpenda kwa sababu hakuwa msemaji, na kwamba baadaye alitamani arudishiwe hata maneno machache.

Alifanya kazi ya ufundi katika shirika moja la umma mjini Lindi tangu mwaka 1977 hadi 1991, shirika lilipofungwa na wafanyakazi wakaambiwa warudi makwao. Ilikuwa miaka ya ruksa. Mjomba Likwata wakati huo alikuwa amehamia Mitole, wilayani Kilwa, akilima ufuta. Alimwita akamwambia, "Serikali imesema kila mtu afanye biashara. Haya, njoo tufanye." Wakaungana na mzee Ridhiwani, mfanyabiashara wa Kilwa Kivinje, wakapata mashine iliyotumika ya kukamua mafuta, na marehemu akaifufua kwa mikono yake. Mwaka 1994 wazee wale wawili walikwenda Dar es Salaam kusajili kampuni, wakaiita Likwata na Wapwa. Wakurugenzi waliandikwa wawili, Likwata na Ridhiwani. Karani aliuliza kama wapwa nao waandikwe, mjomba akajibu, "Wapwa wamo ndani ya jina." Jibu hilo lilimridhisha kila aliyekuwepo.

Mjomba alifariki Mitole tarehe 3 Agosti 1996. Siku ya kumaliza matanga wazee walimkalisha marehemu mkekani, wakamwaga unga wa mtama, wakamwambia kuanzia sasa wewe ndiye Likwata. Kwetu hilo si jina la heshima tu. Watoto wa mjomba, wengine wakubwa kuliko yeye, walianza kumwita baba na mkewe wakamwita mama. Bibi Brigita, aliyemzaa, alimsogelea, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, kaka." Marehemu aligeuka kutazama nani anaamkiwa. Bibi hakuinuka. "Kaka, shikamoo." Akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyekutwa jikoni kwa watu, na mama yake akamwambia kaka yake hakuwa akiitikia kinyonge namna hiyo. Tulicheka siku ile, msiba ukaisha. Tangu hapo Bibi hakumwita mwanangu tena, naye aliubeba ukaka huo vizuri. Aliozesha watoto wa mjomba, akatupeleka shule mimi na kaka yangu Alex, na kila mwaka taarifa za kampuni zilipotakiwa Dar es Salaam alizisaini alivyosaini mjomba, neno moja: Likwata. Hakuficha. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na cha kuficha.

Mzee Ridhiwani alipofariki, nafasi yake ilichukuliwa kwa vyeti vyote na binti yake Mwanahija. Huyu dada ni mtani wetu wa hiari na amekuja leo kutoka Kivinje. Yeye ndiye aliyekuwa akimwambia marehemu, "Nyinyi Wamwera hamfi. Mnabadilishana mwili kama watu wanaoazimana shati." Marehemu alikuwa akimjibu kwamba Waswahili wa pwani wanakufa kwa haraka mno ndiyo maana hawana mafuta. Waliendesha kazi hivyo kwa miaka mingi, na ufuta wa Mitole na Kikole ulikamuliwa pale pale kijijini badala ya kusafirishwa ghafi kwa magunia.

Mwaka 2018 lilikuja tangazo kwamba kampuni zote zilizosajiliwa kwa makaratasi ziingize taarifa zake kwenye mfumo wa mtandao, kila mkurugenzi kwa namba ya kitambulisho chake cha taifa. Niseme ukweli, mimi nililipokea kwa furaha. Nafundisha Kilwa Masoko, nina kompyuta, na nilikuwa nimechoka kuona watu wazima wakipanda basi kwenda Dar es Salaam kupeleka karatasi moja. Mwanahija alikaa sebuleni kwangu akaingiza taarifa zake na chai haijapoa. Akafuata marehemu. Kitambulisho chake kilikuwa na jina la ubatizo, kwa sababu siku ya kujiandikisha waliomba cheti cha ubatizo. Tukaweka namba. Mfumo ukaandika kwamba taarifa hazilingani. Tukarudia, ukaandika vile vile.

Nikapiga simu Dar es Salaam, nikaiweka sauti ya wazi, nikampa marehemu aongee mwenyewe. Aliyepokea alikuwa kijana mpole.

"Mzee, huyu Likwata yuko hai?"

"Yuko hai. Ndiye unayeongea naye."

"Kwenye rekodi zetu amezaliwa mwaka 1925."

"Huyo alifariki mwaka 1996."

"Sasa taarifa ya mwaka 1998 alisaini nani?"

"Likwata."

Kijana akasema, "Mzee wangu, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini hapo umeghushi."

Marehemu alinirudishia simu. Akaniuliza, "Nimeghushi nini, Debora? Jina langu?"

Tulielezwa kwamba njia ilikuwa moja. Ale kiapo mahakamani kwamba yeye siye Likwata, na kwamba alisaini kwa kutojua sheria. Ndipo mkurugenzi aliyekufa angeweza kuondolewa na mwingine kuingizwa. Alikataa. Alisema hawezi kushika Biblia na kumkana mjomba wake. Kwa muda wa mwaka mzima alikataa, na tulimwelewa. Lakini bila kampuni kuonekana mtandaoni leseni haikutoka, na bila leseni mashine ilifungwa. Msimu wa mwaka 2019 Bi Sada wa Kikole alifika na kiroba chake cha ufuta kichwani, akakuta kufuli. Alikaa juu ya kiroba pale mlangoni hadi jua likapungua, asimlaumu mtu, kisha akajitwika akarudi alikotoka. Marehemu aliniambia kwamba angetukanwa na yule mama angepata nafuu. Baada ya siku hiyo alianza kuuliza mahakama inafunguliwa saa ngapi.

Alikula kiapo Kilwa Masoko tarehe 15 Oktoba 2019. Nilikuwepo. Wakili alikuwa ameandika, "Mimi siye Likwata na sijawahi kuwa Likwata." Marehemu aliomba neno "sijawahi" liondolewe. Alieleza kwamba akisema siye tangu leo, hilo anaweza kulibeba. Wakili akamwambia kwa upole kwamba bila neno hilo kiapo hakina kazi. Marehemu aliitazama ile Biblia, akaishika, akasema yote kama yalivyoandikwa.

Kesho yake alisafiri hadi hapa Rondo kuwaeleza wazee kwa mdomo wake. Alitarajia kufokewa. Hakuna aliyemfokea. Bibi Brigita alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kilio, akamlilia kaka yake kwa jina kama aliyeletewa habari za kifo asubuhi ile. Alilia hivyo siku nzima, na majirani walianza kuingia na unga wakidhani kuna msiba. Mwaka 1996 hakulia namna hiyo, kwa sababu mwaka 1996 kaka yake alikuwa amekaa mkekani mbele yake. Jioni alimwambia marehemu, "Karibu ule, mwanangu." Marehemu hakula.

Kiapo tulikiingiza kwenye mfumo wiki ile ile. Mwezi Machi 2020 jibu lilikuja. Lilisema kwa kuwa aliyesaini tangu mwaka 1996 amekiri chini ya kiapo kwamba hakuwa mkurugenzi, taarifa zote alizosaini hazitambuliwi, na kampuni inahesabika kutowasilisha taarifa kwa muda wote huo. Mwezi Novemba ilifutwa kwenye daftari la makampuni. Mashine na kiwanja vilikuwa mali ya kampuni, na mali ya kampuni iliyofutwa huenda serikalini, ndugu hawagawani. Mwanahija alifuatilia Dar es Salaam mara nyingi kuliko sisi, akaambiwa iliyobaki ni Mahakama Kuu, nasi uwezo huo hatukuwa nao. Mashine ipo pale pale Mitole, imefungwa, na mvua inaiingilia upande wa nyuma.

Simlaumu yule kijana wa simu. Aliongea na marehemu vizuri kuliko wengi. Mfumo wenyewe umewasaidia watu, nami nimewasajilia wengine na mambo yao yakaenda. Nimetafuta wa kumlaumu, sijampata, na hilo linaniuma kuliko ningempata.

Marehemu alikuwa na kisukari tangu mwaka 2015 na alikuwa mtu wa kliniki bila kukumbushwa. Baada ya kampuni kufutwa aliacha kwenda. Mama Natalia alimbembeleza, Alex alimfuata na pikipiki, akawa anasema kesho. Mwishoni mwa mwaka 2022 alipata kidonda mguuni kikakataa kupona, na mwezi Desemba akalazwa Lindi. Wauguzi wakiita Valerian hakuitika, maana hakuzoea, mpaka mkewe amguse bega. Watu wa Mitole wakija kumwona na kumwita Likwata, alisema, "Siye." Mwanahija alimuuliza, safari hii bila utani, "Sasa kaka, tukuiteje?" Akamjibu, "Msiniite." Hayo si maneno ya homa. Alikuwa na akili zake zote. Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Bibi Brigita, mjane, Natalia, watoto wawili, Valentini na Fortunata, aliyepewa jina la mama yangu, wajukuu watano, na wapwa wawili, Alex na mimi. Tunawashukuru wote mliosafiri, na dada yetu Mwanahija aliyemuuguza kama ndugu wa tumbo moja.

Limebaki moja, na wazee wameniagiza nilisome kama walivyoliamua jana. Tukishatupa udongo, desturi ni mkubwa wa ukoo kuuliza kwa sauti, Likwata yuko wapi, na mpwa mmoja kuitika. Swali hilo leo halitaulizwa. Mtu hawezi kurithiwa jina ambalo alilikana kwa kiapo, na mwingine wa kulitoa hayupo. Alex, ambaye marehemu alimwandaa kwa kazi hiyo tangu akiwa mtoto, amesimama pale upande wa kichwa cha kaburi. Ameombwa anyamaze, naye amekubali. Mwenyezi Mungu ampe mjomba wetu Valerian pumziko.